Majitaka yanalisha samaki au yanawamaliza? Ubishi wangu na shemeji kuhusu maji ya Salenda

MkaangaVibua

Habari za humu wakuu. Naomba mwenye ujuzi wa mambo ya bahari anisaidie, maana nyumbani ubishi umekuwa hauishi.

Mimi nakaanga samaki Kinondoni, mzigo naufuata soko la Feri kabla jua halijatoka. Shemeji yangu, mume wa dada, ni mvuvi wa siku nyingi na msimamo wake ni mmoja tu: majitaka ni chakula cha samaki. Anasema ndiyo maana pale mlangoni mwa mto Msimbazi hapa Dar, kuanzia Salenda mpaka usawa wa daraja la Tanzanite, watu wanatupa nyavu na wanapata, ila ukienda kwenye maji meupe unarudi na chumvi mwilini. "Maji ya kijani yana riziki, maji safi ya watalii." Ndivyo anavyotutambia.

Sasa mvua za masika zimekatika, jua limewaka siku kadhaa, nikapita Salenda maji yamekupwa. Kijani kimekolea, pembeni povu la kahawia, harufu msiniulize. Mteja wangu mmoja akaniambia kile kijani chenyewe si uchafu, ni vijimea vidogo mno vinaitwa fitoplanktoni, na vinakula kinyesi chetu. Nikachoka kabisa.

Ninachouliza: ni kweli majitaka ndiyo yanayovistawisha? Na vikistawi, si ndiyo samaki wanaongezeka kama anavyosema shemeji? La mwisho ndilo linalogusa karai langu: niendelee kuwauzia watu samaki wa upande ule?

---

Mtoto_wa_Kigamboni

Dada wewe kaanga tu. Mafuta yakichemka hakuna kinachobaki hai humo. Tumekula samaki wa Feri tangu utotoni na tupo.

---

MzeeWaChupa

Binti yangu, umeuliza swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na waliovaa koti jeupe.

Mimi nimestaafu kazi ya maabara ya bahari. Si daktari wala profesa. Wao walikuwa wanaandika. Mimi nilikuwa nachota maji, nachuja, nahesabu, naosha chupa. Kwa hiyo nitakueleza niliyoyaona kwenye hadubini.

Mteja wako kasema kweli, ila vile vijimea havili kinyesi. Wanaokila ni bakteria. Wakishakivunjavunja, kinachobaki kimeyeyuka kwenye maji ni amonia, nitrati na fosfeti, yaani nitrojeni na fosforasi zile zile ambazo mkulima wa Kibaigwa ananunua kwa mfuko. Hapo ndipo vijimea vinapokunywa, vinapata jua, vinagawanyika. Kimoja kinakuwa viwili kwa siku moja, mambo yakiwa mazuri hata chini ya hapo.

Uone ukubwa wake: mtu mmoja hutoa takriban kilo 4 za nitrojeni kwa mwaka, sehemu kubwa kwenye mkojo, na fosforasi kama nusu kilo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam. Zidisha mwenyewe, utapata tani elfu 21 na ushee za nitrojeni kila mwaka. Haifiki yote baharini. Nyingi inazama ardhini kwenye mashimo na makaro, nyingine inaishia kwenye mabwawa kama yale ya Vingunguti. Lakini aliyewahi kukaa bondeni anaijua kazi ya usiku wa mvua kubwa: watu wanatapisha vyoo, na mto unapokea. Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu ukiwa maji ya kawaida. Ukishapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani ndipo unafika Salenda na huo mzigo.

Bahari yetu ya nje ni ya bluu kwa sababu ni maskini. Haina mbolea, nitrojeni hasa. Ndiyo maana ukimwaga kidogo tu inaitikia haraka.

Tulikuwa tunachota maji nje ya kisiwa cha Mbudya na kuyapitisha kwenye karatasi ya duara ya nyuzi za kioo. Lita mbili zinapita, karatasi bado nyeupe, labda imeshika umanjano wa mbali. Maji ya mlangoni mwa mto hata nusu lita haijaisha karatasi imeziba, pampu inalia, na juu kumelala utando wa kijani uliochanganyika na tope. Ile karatasi unailoweka kwenye asetoni, unaificha gizani kwenye friji usiku kucha, na asubuhi asetoni yote imegeuka kijani. Unaiweka kwenye mashine inayopima mwanga, inakupa namba. Hiyo ndiyo klorofili, na ndiyo namba wakubwa wanayoisoma kwenye mikutano.

Tatizo ni kwamba namba ile inakwambia kijani ni kingi kiasi gani. Haikwambii ni cha nani. Na hapo ndipo shemeji yako anapoteleza.

Chupa ya pili tunaitia iodini ya Lugol ili vijimea visioze, maji yanakuwa rangi ya chai ya mkandaa, tunaacha vitulie chini, halafu tunahesabu kwenye kioo chenye miraba. Maji yenye afya, sehemu kubwa unakuta diatomu. Hizi ni vijimea vilivyojijengea nyumba ya kioo. Zipo Chaetoceros zilizoshikana mnyororo na miiba mirefu pande zote, zipo Rhizosolenia nyembamba zilizonyooka, zipo Coscinodiscus za duara zenye nakshi ambayo fundi wa milango ya Zanzibar angeionea wivu. Diatomu ndizo zinazoliwa na wadudu wadogo wa majini, kopepodi, na kopepodi ndio wanaoliwa na vifaranga wa samaki na dagaa. Huo ndio mlolongo wa riziki anaouzungumzia shemeji.

Lakini ile nyumba ya kioo inajengwa kwa silika, madini ya kutengenezea kioo, na silika inatoka kwenye mawe na udongo, inaletwa na mito. Chooni haitoki ya maana. Kwa hiyo ukimimina majitaka unaleta nitrojeni na fosforasi nyingi, silika hujaongeza. Masika angalau mto unabeba na udongo, silika inakuja nayo. Kiangazi, Januari na Februari, maji ya mto wenyewe yamepungua na kinachotiririka sehemu kubwa ni majitaka. Hapo diatomu zinaishiwa vifaa vya ujenzi, na mbolea bado ipo imejaa. Wanaoichukua ni wengine wasiohitaji silika: dinoflagelata, vile vyenye mikia miwili vinavyojizungusha, na sainobakteria za nyuzinyuzi, yaani bakteria wanaotumia jua kama mimea. Baadhi ya dinoflagelata wana sumu. Nyuzi nazo kopepodi hawazipendi. Unabaki na kijani kingi ambacho hakina mlaji. Kinakufa, kinashuka chini, kinaoza, na kuoza kunakula hewa iliyomo majini.

Kwa nini basi samaki hawaelei kila siku pale Salenda? Kwa sababu tuna bahati ya bamvua. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji ya Dar hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, mara mbili kwa siku. Vijimea vinahitaji siku moja kuongezeka maradufu, na kabla havijafanya hivyo mara kadhaa, maji yamekupwa yakaondoka navyo kwenda nje, yakachanganyika. Hatari inakuja siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, upepo umetulia, jua kali, hasa kwenye vijito na vidimbwi nyuma ya mikoko ambako maji hayabadilishwi. Mchana vijimea vinatoa hewa, usiku vyote vinavuta. Nenda alfajiri ya siku kama hiyo utaona samaki wanahema juu ya maji.

Na umeona mwenyewe kijani kimekuja baada ya mvua kukatika. Wakati wa mafuriko mbolea ipo tele lakini maji ni tope tupu, jua halipenyi. Tope likishatulia, ndipo kijani kinapolipuka.

---

NahodhaKunduchi

Mzee heshima yako, shikamoo. Mimi ni mtu wa mashua, naomba kuchangia mawili.

Kwanza, wanajukwaa wasije wakadhani kila rangi baharini ni choo. Kaskazi ikishika, bahari imelala, tunakuta nje kabisa kwenye kina mikanda ya rangi ya kahawia imeelea, mithili ya vumbi la mbao. Ukichota unaona nyuzi fupifupi. Ikifika ufukweni inanuka. Babu zetu wameikuta, na huko hakuna bomba la mtu yeyote.

Pili, huyo shemeji muulizeni anapata samaki gani pale. Nitawajibia: mkizi, kaa, kamba kidogo, na watoto wa samaki ambao angewaacha wakakua. Hawajafuata majitaka. Wamefuata mikoko. Mkizi anakula tope, ndivyo alivyoumbwa. Vifaranga wanajificha kwenye mizizi. Ukiikata mikoko yote ukaacha majitaka peke yake, hapo ndipo tutajua kinachomlisha nani. Mwambie aje Rufiji, mlango wa mto mkubwa kuliko Msimbazi mara nyingi, hakuna jiji, kamba wa kumwaga.

---

MzeeWaChupa

Marahaba nahodha. Umenipunguzia kazi.

Hiyo mikanda ya kahawia ni Trichodesmium. Ni sainobakteria yenye uwezo wa kuchukua nitrojeni moja kwa moja kutoka hewani, kwa hiyo haimngojei mtu achimbe choo. Kwenye pwani yetu inajulikana kuwa ni ya msimu wa kaskazi, na wenzetu wameifanyia utafiti wa miaka mingi. Ni sehemu ya bahari yenyewe. Yeyote anayetaka kupima athari za majitaka lazima ajue kwanza msimu, la sivyo atachota Januari na kulinganisha na Julai, kisha aandike ripoti ya uongo bila kujua. Kusi inakoroga bahari, kaskazi inailaza. Vijimea vinafuata hayo kabla ya kufuata bomba.

Na la mikoko umelisema vizuri mno. Salenda vitu viwili vipo pamoja, mikoko na majitaka, na shemeji amempa sifa asiyestahili.

---

Pwani_Kenya

Hapa Mombasa tuna yetu. Nalizaliwa Mikindani, na mto wa Tudor kwetu ni uani. Tofauti yetu na nyinyi ni umbo: Tudor mlango wake mwembamba, ndani kumepanuka, kwa hivyo maji ya ndani kabisa hayatoki upesi kama ufuo ulio wazi. Majitaka ya mitaa yanashuka kwenye mikoko na kila maji yakijaa yanarudishwa juu. Wazee walikuwa wakitegesha uzio wa samaki pale. Sasa hivi mtu akiniletea kombe wa Mikindani namwambia ahsante, nimeshiba.

Nami naongeza tu kwamba vijimea vyenye sumu si hadithi. Mwanzoni mwa 2002 samaki walikufa wengi upande wa Kiunga na pwani ya Somalia, na ilihusishwa na mlipuko wa vijimea. Kule hakuna mji mkubwa, kwa hivyo hata hilo tusiwasingizie watu wa vyoo. Lakini kama bahari peke yake inaweza kufanya vile, kuna haja gani ya sisi kuisaidia?

Suali kwa mzee: mikoko si husafisha? Gereza la Shimo la Tewa walijengewa kinamasi cha kusafishia majitaka kabla hayajaingia Mtwapa. Mbona tusifanye hivyo kila mahali?

---

MkaangaVibua

Shikamoo Mzee wangu, shikamooni wote mnaostahili. Nimemsomea shemeji mpaka mwisho. Kwenye mikoko alinyamaza, kwenye silika akasema "hizo hesabu za kizungu". Lakini sijajibiwa la karai.

Na mimi nakumbuka Zanzibar nilipokuwa kwa shangazi Malindi, wanasema kuna utafiti ulifanyika kwenye matumbawe ya mbele ya mji. Mnaujua?

---

MzeeWaChupa

Marahaba mwanangu. Nianze na la karai maana ndilo la kwako.

Vibua unaowanunua Feri wengi hawatoki Salenda, wanavuliwa nje huko. Samaki mwenye mapezi, ukimtoa matumbo na matamvua vizuri ukamkaanga akaiva, hofu yake ni ndogo. Kinachonikera mimi ni maji. Nimeona watu wakitumbua samaki mzuri aliyetoka bahari safi, halafu wanamsuuza kwa ndoo iliyochotwa pembeni ya gati. Huyo samaki amepata majitaka baada ya kufa. Suuza kwa maji ya bomba, na barafu yako iwe ya maji ya kunywa.

Kijana wa Kigamboni kasema mafuta yanaua kila kitu. Bakteria ndiyo, yanaua. Sumu ya vijimea mafuta hayaiui, kwa sababu haiko hai. Kuna aina inayostahimili kuchemshwa na kukaangwa, na inajilundika kwa viumbe wanaochuja maji: chaza, kombe, kome. Chaza mmoja anachuja lita nyingi kwa siku na anabakisha kila alichokamata. Kwa hiyo ndugu yetu wa Mikindani anafanya vyema kushiba mapema. Mimi sili chaza wala kombe wa karibu na mlango wa Msimbazi au bomba lolote la mji, awe wa kuchemsha au wa kukaanga. Mtu akila akaanza kufa ganzi midomo na vidole, asisubiri, apelekwe hospitali.

La mikoko: ndiyo, inasafisha, lakini ina kiasi chake. Kulikuwa na majaribio Jangwani Beach kule Kunduchi (siyo Jangwani ya mafuriko, watu huchanganya), walipanda mikoko kwenye vyumba vya saruji na kuimwagilia majitaka ya viwango tofauti, mengine yamezimuliwa kwa maji ya bahari, mengine mazito vile vile yalivyo. Udongo wa mikoko una tabaka lisilo na hewa, na humo kuna bakteria wanaoigeuza nitrati kuwa gesi ikarudi angani. Hiyo ni nitrojeni iliyoondoka kabisa, haikuhamishwa. Fosforasi haina mlango huo. Inashikwa na udongo mpaka udongo uchoke. Na ukizidisha majitaka, mwani unaota juu ya tope na juu ya mizizi ya kupumulia ya mchu (aina ya mkoko), kaa na konokono wanabadilika. Kwa hiyo usimpe mkoko kazi ya mtambo. Mpe kazi ya mwisho, baada ya mtambo au mabwawa kufanya ya kwao. Kinamasi cha Shimo la Tewa kinahudumia gereza, hakihudumii Mombasa nzima, na ndiyo siri ya kufaa kwake.

Zanzibar najua. Miaka ya 1990 walilinganisha miamba iliyo karibu na mabomba ya Mji Mkongwe na iliyo mbali. Karibu na mji, ule mwani mgumu wa rangi ya waridi unaogandisha matumbawe pamoja ulikuwa umepungua, na fosfeti ikatajwa kuwa mshukiwa mkuu. Utaona, basi, kwamba vijimea vya majini ni mwanzo tu. Vikizidi vinaziba mwanga, nyasi za bahari zilizo chini zinadhoofika, na tasi anayekula nyasi hizo unamkosa kwenye karai.

Mwambie shemeji hesabu si za kizungu. Achukue sahani nyeupe, aitoboe, aifunge kamba yenye fundo kila nusu mita na jiwe chini yake. Aishushe pale Salenda maji yakijaa, ahesabu mafundo mpaka ipotee. Kisha aende upande wa nje wa kisiwa cha Bongoyo afanye vile vile. Afanye siku ya bamvua na siku ya maji mafu, achague hali ile ile ya maji kila mara, aandike. Ndivyo tulivyokuwa tunaanza sisi kabla ya mashine.

---

NahodhaKunduchi

Sahani asitoboe, itapasuka. Atumie mfuniko wa ndoo ya rangi, aupake nyeupe. Na Bongoyo asiende peke yake kwa ngalawa kusi hii, aje Kunduchi Jumamosi tutampakia. Mafuta ya boti achangie.

---

MkaangaVibua

Nimemwambia. Anauliza chakula kipo?